Uzi: Kukadiria idadi ya watu Dodoma baada ya sensa ya 2022, hesabu inavyofanywa na inapoharibikia

Mzee_wa_Majedwali (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Msimu wa bajeti ukikaribia, swali ni lile lile kuanzia ofisi ya kata hadi idara ya mipango: sasa hivi tuko wangapi? Na jibu la haraka ni lile lile: chukua namba ya sensa ya 2022, ongeza asilimia 3.2 kwa kila mwaka uliopita, andika kwenye andiko la mradi, kazi imeisha. Asilimia 3.2 ni kasi ya nchi nzima kati ya 2012 na 2022, tulipotoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120. Kwa mkoa wetu namba hiyo inakaribia ukweli sehemu chache tu. Angalieni wenyewe, 2012 hadi 2022, na kasi ya ongezeko kwa mwaka:

Dodoma Jiji: 410,956 hadi 765,179, asilimia 6.2
Chamwino: 330,543 hadi 486,176, asilimia 3.9
Bahi: 221,645 hadi 322,526, asilimia 3.8
Kongwa: 309,973 hadi 443,867, asilimia 3.6
Chemba: 235,711 hadi 339,333, asilimia 3.6
Mpwapwa: 305,056 hadi 403,247, asilimia 2.8
Kondoa (wilaya na mji kwa pamoja): 269,704 hadi 325,297, asilimia 1.9
Mkoa mzima: 2,083,588 hadi 3,085,625, asilimia 3.9

Kasi inapatikana hivi: gawanya idadi mpya kwa ya zamani, tafuta logi asilia ya jibu, kisha gawanya kwa miaka iliyo katikati. Kwenye Excel andika =LN(765179/410956)/10, utapata 0.062. Kosa la kwanza ninaloliona kwenye maandiko ni mtu kuchukua ongezeko lote (asilimia 86 kwa Jiji), kuligawa kwa kumi na kuandika 8.6. Hiyo 8.6 ukianza kuizidisha mwaka hadi mwaka, unafika 2032 na watu ambao hawajazaliwa wala hawajahamia.

Ukitaka kujua idadi itachukua muda gani kuwa maradufu, gawanya 70 kwa kasi. Jiji ni kama miaka 11. Chamwino 18. Kondoa 37. Hizi ni halmashauri za mkoa mmoja, na bado kuna watu wanazitungia mpango kwa kasi moja.

Karibuni tuchambue.

Ntyuka_Juu

Asante mkuu kwa namba. Lakini hii si siri, makao makuu ndiyo yametujaza. Tangu serikali itangaze kuhamia 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, kila basi linashusha wageni. Treni ya mwendokasi nayo ilipoanza safari za Dar hadi hapa 2024 ndiyo imemaliza kabisa.

Mzee_wa_Majedwali

Ntyuka_Juu, nusu ya hoja yako ni kweli. Tuipime.

Mkoa uliongezeka watu 1,002,037 kwa miaka kumi. Jiji lilichangia 354,223, yaani asilimia 35. Karibu theluthi mbili waliongezeka nje ya Jiji. Liondoe Jiji kabisa kwenye hesabu: waliobaki walikuwa 1,672,632 mwaka 2012, wakawa 2,320,446 mwaka 2022. Kasi yake ni asilimia 3.3, juu kidogo ya wastani wa taifa. Maana yake hata kama serikali isingehama, vijiji vya mkoa huu vingeendelea kujaa.

Ndani ya Jiji lenyewe, fanya hivi: chukua 410,956, ikuze kwa 3.2 ya taifa kwa miaka kumi. Unapata kama 566,000. Waliohesabiwa ni 765,179. Tofauti ni karibu 199,000, na hao ndio unaweza kusema waliletwa na uhamiaji, kwa kiwango cha chini. Nasema cha chini kwa sababu mjini watu huzaa kidogo kuliko wastani wa taifa, kwa hiyo ongezeko la asili la mjini liko chini ya hiyo 3.2.

Treni iache pembeni. Ilianza miaka miwili baada ya sensa, haimo kwenye namba hizi hata kidogo. Tutaijadili sensa ijayo.

Ramani_na_Mipaka

Naomba nikazie hapo kwenye Kondoa, maana ndipo watu wanapodanganyika kuliko kote.

Halmashauri ya Mji Kondoa iliundwa baada ya sensa ya 2012. Kwenye jedwali la 2022 utaikuta kwenye mstari wake: Kondoa wilaya 244,854 na Kondoa mji 80,443. Mtu asiyejua anachukua 244,854 anailinganisha na 269,704 ya 2012, anapata kasi hasi ya karibu asilimia moja kwa mwaka, kisha anaandika ripoti nzima kwamba Kondoa watu wanaikimbia. Ukijumlisha zote mbili unapata 325,297 na kasi ya 1.9. Ni ndogo kweli, lakini ni ongezeko.

Ukirudi nyuma zaidi shida inakuwa kubwa. Bahi na Chamwino zilikuwa wilaya moja ya Dodoma Vijijini wakati wa sensa ya 2002. Chemba ilikuwa ndani ya Kondoa. Kwa hiyo usitafute Bahi ya 2002, haipo. Unachoweza kufanya ni kuunganisha Bahi na Chamwino za leo, uzilinganishe kama kipande kimoja na Dodoma Vijijini ya wakati ule.

Kwenye kata ndiyo balaa. Kata zinagawanywa, mtaa unahamishiwa kata ya jirani, jina linabaki lile lile. Kabla ya kukokotoa kasi ya kata, kaa na mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa, andika orodha ya mitaa iliyokuwemo 2012 na iliyomo 2022. Zisipolingana, unganisha kata jirani mpaka eneo liwe lile lile miaka yote miwili. Kama huwezi, tumia kasi ya kundi la kata zinazofanana, siyo kasi ya kata hiyo peke yake. Kata ikikupa kasi ya asilimia 15 au hasi 4, kagua mpaka kwanza kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Mgosi_wa_Makole

Mimi nauliza swali la kizembe. Kwa nini Chamwino 3.9 na Kondoa 1.9? Zote si za wakulima na wafugaji?

Mzee_wa_Majedwali

Si swali la kizembe. Ongezeko lina milango mitatu tu: kuzaliwa, kufa, na kuhama (kuingia au kutoka). Pengo la pointi mbili kati ya wilaya za mkoa mmoja ni gumu kulieleza kwa uzazi na vifo peke yake, kwa hiyo mahali pa kuanza kuangalia ni kuhama. Chamwino imepakana na Jiji, barabara ya Dar inapita Buigiri, Ikulu iko huko, na viwanja ni nafuu kuliko Jijini. Kondoa ina historia ndefu ya watu wake kwenda kutafuta maisha mikoa mingine, na ardhi ya milimani iliyoliwa na mmomonyoko kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika.

Namna ya kuhakiki: sensa huuliza mahali mtu alipozaliwa. Kwenye jedwali hilo unahesabu waliozaliwa hapa wanaoishi kwingine, na waliozaliwa kwingine wanaoishi hapa. Jedwali ni la ngazi ya mkoa zaidi, kwa hiyo kwa wilaya utahitaji kuomba uchambuzi maalumu Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Wako hapa hapa Dodoma, andika barua yenye orodha ya majedwali unayoyataka kwa majina. Barua inayosema "naomba takwimu za Kondoa" itakaa.

Mpwapwa_Kwetu

Tusisahau usiku wa sensa. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumanne, 23 Agosti 2022. Anayehesabiwa ni aliyelala kwenye kaya usiku ule, hata kama ni mgeni.

Sasa fikirini Agosti kwa Dodoma ikoje. Mavuno ya mtama, uwele na alizeti yamekwisha, vijana wa vijijini wengi wako mijini kwenye vibarua. Wafugaji wanafuata malisho na maji. Kikao cha bajeti cha Bunge kimekwisha mwishoni mwa Juni. Vyuo vikuu kwa kawaida viko likizo ndefu. Kwa hiyo ile 765,179 ni Jiji bila sehemu kubwa ya wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na vyuo vingine, na bila wageni wa Bunge. Ukipanga maji au usafi wa mji kwa namba ile pekee, mwezi Novemba vyuo vimefunguka na Bunge limeanza, unashangaa presha ya maji imeshuka Iyumbu na Ng'ong'ona.

Dawa yake ni kuongeza mstari wa pili kwenye jedwali lako: idadi ya wakazi, na idadi ya msimu wa juu. Ya pili unaipata kwa kujumlisha vitanda vya hosteli za vyuo, wanafunzi waliopanga mitaani (uliza ofisi ya mshauri wa wanafunzi), na vyumba vya nyumba za wageni ukizidisha na wastani wa vinavyojaa. Usichanganye mistari hii miwili. Shule za msingi na chanjo zinatumia wa kwanza. Maji, taka na usafiri zinatumia wa pili.

Ntyuka_Juu

Hapo nimeelewa. Sasa kwa mwaka huu tuseme Jiji lina watu wangapi? Maana kila mtu anakuja na namba yake, mmoja anasema laki nane na nusu, mwingine milioni.

Mzee_wa_Majedwali

Usitoe namba moja, toa mbili na useme msingi wa kila moja. Kwa Agosti 2025, kwa mfano:

Ukiendeleza kasi ya 6.2: 765,179 × e^(0.062×3) = kama 921,600.
Ukiongeza idadi ile ile kila mwaka, yaani 35,422: kama 871,400.

Tofauti ni watu 50,000 kwa miaka mitatu tu. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya 2002 kwa vijijini, lita 25 kwa mtu kwa siku, hiyo ni lita milioni moja na robo kila siku, na mtu wa mjini mwenye bomba ndani anatumia zaidi ya hizo. Ukienda hadi 2032 njia ya kwanza inakupa milioni 1.42, ya pili milioni 1.12. Laki tatu zimejificha kwenye uchaguzi wa fomula.

Ipi iko karibu na ukweli? Maoni yangu: kuhama kwa serikali ni tukio la mara moja. Wizara zilishahamia, watumishi wale hawahami tena kila mwaka. Kinachoendelea ni wanaofuata fursa: mafundi, wafanyabiashara, mama lishe, bodaboda, na watoto wanaozaliwa na hao wote. Kasi ya 6.2 ina mshtuko huo ndani yake, kwa hiyo kuivuta miaka kumi mbele ni kudhani serikali itahamia tena. Mimi ningetumia njia ya pili kama sakafu na ya kwanza kama dari, halafu nijenge miundombinu isiyopanuka kirahisi, kama bomba kuu na barabara, kwa dari, na ile inayoongezwa kidogo kidogo, kama madarasa, kwa sakafu huku nikikagua kila mwaka.

Dada_wa_Kliniki

Naingilia kwenye afya, maana huko ndiko namba hizi zinapogeuka fedheha kwenye vikao.

Zahanati inapewa lengo la chanjo kutokana na makadirio ya watu wa eneo lake. Tuseme eneo lina watu 9,000 kwenye makadirio, na wamekadiria vizazi 36 kwa kila watu 1,000. Hiyo ni 324. Toa vifo vya wachanga, ambavyo utafiti wa afya na uzazi wa 2022 uliviweka 33 kwa kila vizazi hai 1,000, unabaki na watoto 313. Mwisho wa mwaka kituo kimechanja Penta (chanjo ya magonjwa matano) ya tatu watoto 400. Mfumo unasoma asilimia 128. Mganga mfawidhi anapongezwa, au anashukiwa kupika data, inategemea siku hiyo mwenyekiti wa kikao kaamkaje.

Hakuna aliyepika. Namba ya chini, kigawanyo, ndiyo mbovu. Ama mtaa umejaa tangu sensa, ama akina mama wa kata jirani wanakuja pale kwa sababu ni karibu, na kata jirani inasoma asilimia 60 na kuitwa wazembe.

Cha kufanya:

Kwanza, tumia kipimo kisichohitaji idadi ya watu. Chukua walioanza Penta ya kwanza (wiki ya 6), toa waliomaliza ya tatu (wiki ya 14), gawanya kwa walioanza. Walioanza 430, wamemaliza 400, walioacha ni asilimia 7. Ikipita asilimia 10 hapo kuna tatizo la huduma: chanjo zimeisha, siku ya kliniki imebadilishwa bila kutangazwa, au mama karudishwa kwa sababu watoto hawakutosha kufungua kichupa chenye dozi nyingi.

Pili, linganisha vitabu vyenu vya MTUHA (rejesta za huduma za kituo): mahudhurio ya kwanza ya wajawazito, waliojifungua, BCG (chanjo ya kifua kikuu), na Penta ya kwanza. Mahudhurio ya kwanza yakiwa 450 na lengo la mwaka ni watoto 313, lengo ndilo la kurekebisha. Peleka hoja hiyo kwa mratibu wa chanjo wa wilaya kabla ya mwezi wa mipango, ukiwa na namba za miaka miwili au mitatu.

Tatu, andika mtaa au kijiji anachotoka mama, siyo jina la kata peke yake. Bila hivyo huwezi kutenganisha ongezeko la watu na wageni wa kata ya pili. Na msiandike "Dodoma" kwenye safu ya makazi, jamani. Hiyo haimsaidii mtu yeyote.

Mgosi_wa_Makole

Dada hiyo ya "Dodoma" imenichekesha ila ni kweli tupu. Swali langu: kama uzazi wa mpango umeenea, wastani wa watoto umeshuka, mbona kasi imepanda kutoka 2.7 ya 2002 hadi 2012 kwenda 3.2? Moja kati ya hizo namba ni uongo.

Mzee_wa_Majedwali

Zote zinaweza kuwa kweli. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 5.7 utafiti wa 2004/05, 5.4 mwaka 2010, 5.2 mwaka 2015/16, na 4.8 mwaka 2022. Mjini 3.6, vijijini 5.5. Umeshuka, hakuna ubishi.

Lakini wastani ule ni kwa mwanamke mmoja. Idadi ya watoto inategemea pia wanawake wako wangapi. Kutoka 5.4 hadi 4.8 ni punguzo la asilimia 11. Kama wanawake wa umri wa kuzaa waliongezeka sawa na watu wengine, yaani asilimia 37 kwa miaka kumi, zidisha 1.37 kwa 0.89 unapata 1.22. Watoto wanaozaliwa kwa mwaka wameongezeka asilimia 22 wakati kila mama anazaa wachache kuliko mama yake. Na kwa kuwa karibu asilimia 43 ya Watanzania wako chini ya miaka 15, mama wa miaka kumi na tano ijayo wameshazaliwa. Hata wote wakizaa wawili wawili, idadi itaendelea kupanda kwa miongo kadhaa.

Pili ni vifo. Watoto waliokuwa wanakufa kabla ya miaka mitano walikuwa 112 kwa kila 1,000 mwaka 2004/05, 81 mwaka 2010, 67 mwaka 2015/16, na 43 mwaka 2022. Hilo ni jambo la kushukuru, na linaonekana kwenye sensa kama watu.

Tatu, ambayo watu hawapendi kuisema: ubora wa kuhesabu. Mwaka 2022 makarani walitumia vishikwambi, na maeneo ya kuhesabia yalikuwa na ramani za kidijitali. Sensa iliyotangulia ikiwa iliwaacha watu wengi zaidi, sehemu ya kasi mpya ni watu waliokuwepo tangu zamani. Ndiyo maana kulinganisha kasi mbili kwa pointi za desimali na kujenga hoja nzima juu yake ni kutafuta ugomvi.

Dada_wa_Kliniki

Na kwenye uzazi wa mpango, "umeenea" ni neno kubwa. Matumizi ya njia za kisasa kwa wanawake walio kwenye ndoa yalikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16, na 31 mwaka 2022. Yamesimama. Uzazi umeshuka kwa sababu nyingine pia: wasichana kukaa shule zaidi, kuchelewa kuolewa, na mimba za utotoni kupungua kutoka asilimia 27 hadi 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19.

Mambo yanayokwamisha kituoni ni madogo madogo. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayopendwa vijijini kwa sababu haionekani, lakini mama akikosa tarehe kwa sababu ya msimu wa kilimo anadhani ameshachelewa na haji tena. Mwongozo unaruhusu kumchoma hadi wiki nne baada ya tarehe yake bila vipimo vya ziada. Mhudumu asiyejua hilo anamrudisha nyumbani asubiri hedhi. Kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kina shida nyingine. Wa kukiweka wapo wengi kwa sababu kampeni zinakuja na wataalamu wake, wa kukitoa hayupo pale zahanati. Mama mmoja akisumbuliwa miezi mitatu kutolewa kijiti, mtaa mzima unasikia. Ukipanga mafunzo, panga ya kutoa kwanza.

Benchi_la_Nyuma

Nakuja na shule, wakuu, maana hapo ndipo kata inaumia.

Usitumie "asilimia fulani ya watu wote ni wanafunzi". Tumia umri. Watoto waliokuwa hawajatimiza mwaka Agosti 2022 wanaingia darasa la kwanza 2028 au 2029, na wameshahesabiwa. Ila usichukue safu ya umri mmoja mmoja kama ilivyo, kwa sababu watu hutaja umri unaoishia na 0 na 5. Jumlisha kundi la miaka 0 hadi 4, gawa kwa tano.

Mfano wa kata yenye watu 20,000 na watoto 2,600 wa miaka 0 hadi 4. Kila rika ni kama 520. Kwa darasa moja wanafunzi 45, hiyo ni mikondo 12 kwa kila rika. Ukihesabu awali mwaka mmoja na msingi miaka sita ya sera mpya ya elimu, ni wanafunzi 3,640: madarasa 84 (mikondo 12 kwa miaka saba), madawati 1,214 kwa watoto watatu kila moja, matundu ya choo 91 ya wasichana (1 kwa 20) na 73 ya wavulana (1 kwa 25), ukidhani wako nusu kwa nusu. Hapo bado hujaongeza wanaohamia na wazazi wao, na hujatoa wanaokwenda shule binafsi. Kwa kata za pembezoni kama Nzuguni au Nala wanaoingia ni wengi kuliko wanaotoka. Kwa kata za katikati ya mji kama Makole inaweza kuwa kinyume: nyumba zinageuzwa ofisi na maduka, watoto wanapungua, shule kongwe inabaki na nafasi.

Kosa kubwa ni kujenga madarasa mapya palipo na kiwanja tayari badala ya palipo na watoto. Kiwanja cha shule kinatakiwa kutengwa wakati wa kupima mtaa, siyo baada ya mapagale kuota.

Ramani_na_Mipaka

Mapagale umeyataja, na ndiyo yanaharibu njia nyingine inayotumika sana: kuhesabu mapaa kwenye picha ya satelaiti. Njia yenyewe ni nzuri kwa kata ambayo sensa imeshapitwa na wakati, ikifanywa hivi.

Hesabu mapaa yote ya kata, tuseme 2,400. Chagua nyumba 80 kwa kuruka, kila baada ya 30, siyo zile za kando ya lami. Nenda kila moja na mjumbe, hata kama ni pagale, duka au stoo, andika waliolala usiku uliopita. Tuseme zinazokaliwa ni 52, zina kaya 91, watu 318. Gawanya 318 kwa 80 zote, siyo kwa 52. Unapata 3.975 kwa paa. Zidisha kwa 2,400, kata ina watu kama 9,540.

Makosa ya kawaida: mtu anaruka mapagale kwenye sampuli lakini anayaacha kwenye hesabu ya mapaa, kata inakuwa na watu mara moja na nusu. Mwingine anachukua wastani wa taifa wa watu 4.3 kwa kaya na kudhani kila paa ni kaya moja. Mitaa ya kupanga kama Chang'ombe nyumba moja ina kaya tano, na mjini kaya nyingi ni za mtu mmoja au wawili. Mita za LUKU nazo zisikudanganye, wapangaji sita wanaweza kuwa kwenye mita moja.

Na hiyo 4.3 yenyewe iangalieni. Mwaka 2012 ilikuwa 4.7. Kaya zinapopungua ukubwa, idadi ya kaya inakua haraka kuliko watu: watu wa nchi waliongezeka asilimia 37, kaya kwa kugawanya zimeongezeka karibu 50. Anayeuza viwanja analijua hilo bila kusoma jedwali. Anayepanga barabara za mitaa na majitaka ndiye anayekuja kugutuka.

Ntyuka_Juu

Mkuu Ramani, kwa anwani za makazi je? Kila nyumba si ina namba sasa?

Ramani_na_Mipaka

Ina namba, na NaPA, mfumo wa kidijitali wa anwani za makazi, ni fremu nzuri ya kuchagulia hizo nyumba 80 kuliko picha, kwa sababu unakupa orodha. Ila angalia mambo mawili kabla: kama nyumba zilizojengwa baada ya zoezi la 2022 zimeingizwa, na kama pagale lilipewa namba. Tembea mtaa mmoja na orodha mkononi, weka tiki. Zikikosekana zaidi ya nyumba tano katika mia, pita na mtendaji wa mtaa mzisajili kwanza, ndipo uchague sampuli.

Mpwapwa_Kwetu

Na fanyeni hilo zoezi Novemba au Februari, siyo Agosti. Kwa kata za vyuo rudieni mara mbili.